Nani atainunua kampuni yetu?
Wanahisa wenzangu, siku hizi kila mmoja ana mnunuzi wake: huyu Apple, yule Google. Majina makubwa peke yake hayanishawishi. Mimi natazama hataza zetu, yaani haki za kisheria juu ya uvumbuzi wetu: nani anazihitaji kiasi kwamba hatakubali mshindani wake azipate? Mwaka 2012 Apple iliinunua AuthenTec, kampuni ndogo ya vitambuzi vya alama za vidole, kwa dola 8 kila hisa. Mwaka uliofuata iPhone 5s ikatoka na kitambuzi cha alama za vidole. Naamini kilicholipiwa pale ni teknolojia, si faida. Hofu yangu ni bodi kukubali ofa ya chini kwa kuwa fedha za uendeshaji zinapungua. Ikija kura, bei ya kutupa naikataa.