Udongo wa Mama

Jumatano, wiki moja na siku kadhaa baada ya Pasaka

Mvua inanyesha tangu alfajiri hapa Mkimbizi, Iringa mjini. Jembe halishikiki, kwa hiyo nimekaa jikoni naandika. Mezani kuna sahani ya viazi vya kuchemsha, chumvi pembeni, na chai ya maziwa inayoanza kupoa. Viazi ni vya kwangu, vimetoka nyuma ya nyumba hii hii. Mwaka jana wakati kama huu nilikuwa nanunua vya sado, ile ndoo ndogo ya kupimia, pale Soko Kuu la Iringa, huku nyumbani nina matuta matano yaliyonishinda, na nilikuwa nafunga pazia la jikoni ili nisiyaone.

Mimi nimezaliwa Isongole, njia ya kutoka Mbeya kwenda Tukuyu. Anayepajua Isongole ameshaielewa aibu yangu. Kule viazi vinapangwa kando ya lami kwenye ndoo, juu vimejengewa kichuguu, na mtoto anatofautisha mbegu ya Arka na ya Kikondo kabla hajajua kusoma. Mtu wa Isongole kushindwa na viazi ni kama mtu wa Kyela kuunguza wali.

Msimu ule wa kwanza nilifanya kila alichokuwa akifanya mama. Mbegu nilizianika kwenye mwanga wa kivulini mpaka macho yakachipua mafupi, manene. Nilizifukia kina cha kiganja, shimo hadi shimo sentimita 30, tuta hadi tuta kama 75. Nikanyunyiza majivu ya jikoni kama yeye. Mvua za Desemba zikaja, na maji yakasimama kati ya matuta siku tatu nzima, mekundu kama chai ya rangi. Wiki ya nane majani yakawa ya njano. Siku ya kuchimba, jembe lilitoa mlio wa kugonga ukuta. Viazi 40 vya mbegu vilinipa sado isiyojaa: vingine kama ndimu, vingine vimebanwa ubavu kama vilikaa ndani ya kiatu, vingine vimeoza, na karibu vyote vina vidonda vikavu kwenye ngozi, mfano wa ukurutu.

Nikampigia mama.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Mbona sauti imelala, mtoto anaumwa?”

“Wanaoumwa ni viazi.”

Alicheka mpaka akakohoa. Halafu akaniambia nichukue udongo, niuloweshe kidogo, niuviringishe mikononi mpaka uwe kamba nyembamba, kisha niikunje pete. Simu nikaibana begani, nikaviringisha. Pete ilikubali vizuri, haina hata ufa. Ningeweza kuivaa kwenda nayo kanisani.

“Imekatika?”

“Haijakatika, mama.”

“Basi huo wapelekee Wakisi.”

Wakisi ni wale wafinyanzi wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa, upande wa Matema, ambao vyungu vyao vimepikia maharage ya nusu ya mkoa wetu. Mama alimaliza kwa kuuliza kama mvua inanyesha, akakata. Yeye kwake somo lilikuwa limekwisha. Mimi nilikaa na ile pete mkononi.

Kumbe miaka yote ile nilikuwa nimejifunza udongo wa Isongole, nikadhani nimejifunza viazi. Ule ni udongo wa majivu ya volkano, zawadi ya mlima Rungwe na wenzake waliotapika zamani. Ni mweusi, mwepesi, ukiingiza mkono unazama hadi kifundo. Umechanganyika na vijiwe vyenye matundu ambavyo tukiwa watoto tulivishindanisha kwenye mtaro baada ya mvua, maana vinaelea. Kiazi ndani ya udongo wa hivyo kinanenepa upande wowote kinaotaka. Maji yanapita, lakini unyevu unabaki. Nao una ukorofi wake, sisemi hauna: unaishika fosfati ya mbolea na kuificha, ndiyo maana mama hapandi bila mbolea ya kupandia hata siku ambayo hana hela ya sukari. Ila hilo ni deni la mwenye mali. Mimi Iringa nilikuwa na udongo mwekundu unaoshika maji kama beseni, ukikauka unapasuka, na nilikuwa nauamrisha kwa lugha ya nyumbani kwetu.

Nilianza kuuangalia upya, kwa kweli kwa mara ya kwanza. Mwanangu wa darasa la tatu alinisaidia. Tulijaza udongo theluthi moja ya chupa, tukaongeza maji, tukatikisa, tukaweka dirishani. Mchanga ulituama kabla hatujanawa mikono: mkanda mwembamba kama unene wa kidole. Tope laini likafuata mchana. Udongo wa mfinyanzi, ule unaonata, ulibaki umeelea, maji yamekuwa rangi ya tofali, mpaka kesho yake jioni ndipo yakaanza kutulia, na mkanda wake ulikuwa mnene kuliko mingine yote ukiijumlisha. Mtoto akauliza, “Mama, kwa hiyo sisi tunaishi juu ya chungu?”

Halafu nikafanya ujinga. Nyuma kulikuwa na mchanga uliobaki kwenye ujenzi, nikajisemea kama tatizo ni mfinyanzi, dawa si mchanga? Nikamwaga toroli tatu, nikachanganya kwa bidii zote. Kufika Juni eneo lile lilikuwa lipu. Mchanga kidogo ndani ya mfinyanzi mwingi hauulegezi, mfinyanzi unajaza tu nafasi kati ya chembe na kushikamana zaidi. Ili ubadilike kwa mchanga ungehitaji malori, na mimi nina shamba la hatua kumi na mbili kwa tisa.

Aliyeniokoa ni mzee jirani, Mhehe wa Kalenga, ambaye kila asubuhi anapita na fimbo kwenda kwenye vinyungu vyake, yaani bustani zake za bondeni. Nilimwamkia “Kamwene”, akaitikia, akasimama uani kutazama kaburi langu la mchanga.

“Ninyi watu wa Mbeya mmedekezwa na udongo,” akasema. Kisha akauliza swali ambalo mimi, mwenye nyumba, sikuwahi kujiuliza: “Udongo wa msingi wa nyumba mliutupa wapi?”

Hatukuutupa. Mafundi waliusambaza pale pale nyuma kusawazisha uwanja, na mimi ndiye niliyewaambia wafanye hivyo ili tusilipie lori. Mzee akaomba sururu. Alichimba mahali pamoja tu, taratibu, na kina cha kutoka kiganja hadi kiwiko rangi ikabadilika. Chini ya ule wekundu kulikuwa na udongo wa kahawia iliyoiva, una mizizi ya nyasi za zamani na nyungunyungu mmoja mnene aliyejikunja kwa kuona mwanga. Nilikuwa nimeuzika udongo wangu mzuri kwa mikono yangu, nikapanda viazi juu ya maziko.

Wiki tatu tulihamisha ule wa juu na kijana wa vibarua, tukaujazia bonde la getini. Ulioibuka bado una mfinyanzi, hii ni Iringa, lakini uliviringika kamba ikakatika kabla ya pete. Nikauongezea samadi ya ng'ombe iliyokaa na kuoza zaidi ya miezi sita, mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, maganda ya maharage. Matuta nikayainua mpaka karibu na goti, maji yapate pa kukimbilia.

Vile vidonda vya ngozi navyo vilikuwa na kisa chake. Kijana wa kanisani kwetu aliyesoma kilimo alikuja na kipimo cha pH, cha kupima uchachu wa udongo: namba ikipanda, uchachu umepungua. Kwenye matuta ya zamani kilisoma 7.6, na nilipomwonesha mahali ambapo mafundi walikuwa wakikorogea zege, akatikisa kichwa. Saruji ina chokaa, chokaa inaua uchachu wa udongo, na viazi vinapenda udongo wenye uchachu kidogo, kati ya 5 na 6.5 hivi. Kimelea cha ule ukurutu chenyewe kinashangilia uchachu ukipungua. Sasa mimi juu ya saruji nilikuwa nimeongeza majivu! Majivu ya mama yana kazi kwake, maana mvua za Rungwe zinasafisha udongo mpaka uchachu unazidi, naye anaupoza. Kwangu nilikuwa namwongezea mgonjwa ugonjwa. Tulihamia upande wa pili wa ua, ambako kipimo kilisoma 6, mbali na zege na mbali na mahali nilipowahi kulima nyanya, kwa sababu nyanya na viazi ni ndugu wa damu na wanarithishana mnyauko.

Nilipanda mwishoni mwa Novemba, Arka, mbegu aliyonitumia mama kwa basi. Mara mbili nikapandishia udongo kwenye mashina, kiazi kisichungulie jua na kugeuka kijani, maana kiazi cha kijani kina sumu. Katikati ya Machi majani yakalala. Nikasubiri wiki mbili ngozi ikomae, nikachimba. Mbegu 40 zilitoa kilo 23, nimezipima kwa mzani wa duka la jirani. Si za kujaza gunia la lumbesa, na zimebaki chache zenye ukurutu. Lakini hakuna kiazi chenye umbo la kiatu.

Pasaka nikaenda nyumbani. Makambako, Chimala, Uyole, kisha Coaster hadi Isongole, ukungu umekaa barabarani kama mwenyeji. Begani nina viazi, na kwenye mkoba vichupa viwili vya udongo. Mama alivipita viazi kwa jicho moja, akasema vizuri, akaviweka chini. Vichupa ndivyo alivyovichukua. Akamimina udongo wa kwanza, ule wa msingi, akautemea mate kidogo, akaviringisha, akakunja pete, akaicheka na kuiweka juu ya dirisha ikauke. Ule wa pili aliunusa kwanza. Akaviringisha. Kamba ilifika nusu duara, ikapasuka mahali pawili.

Akakung'uta viganja.

“Bado samadi ya mwaka mmoja,” akasema, akainuka kwenda kuinjika viazi.