Gari lisilo na rejeta

Picha ile ilinisumbua karibu miezi minne. Ni ndogo, inaenea kiganjani. Wanaume wawili na msichana wamesimama kando ya gari dogo la wazi, nyuma yao ukuta mtupu. Mgongoni mwa picha hakuna maandishi, nembo haionekani, na namba imezibwa na miguu ya mmoja wao.

Kilichonivuta ni pua ya gari. Magari mengi ya miaka ya 1920 yana rejeta, kile kifaa cha kupoza maji ya injini, iliyosimama wima mbele, na ukishaona umbo lake umekaribia jina. Hili halikuwa nayo. Boneti ilishuka mbele kama sepetu. Nikasema papo hapo: Renault! Enzi hizo Renault waliweka rejeta nyuma ya injini, na boneti zao zilishuka vivyo hivyo. Wiki kadhaa zikaishia katika kulinganisha picha za Renault, na kila mara gari langu lilikataa. Kwenye Renault, pale boneti inapoishia karibu na kioo, utaona rejeta yenyewe au matundu yake ya hewa. Hapa palikuwa na bati tupu.

Basi kama rejeta haiko mbele wala nyuma, huenda haipo kabisa, na injini inapozwa kwa hewa. Swali hilo nilipaswa kuanza nalo. Franklin wa Marekani walitengeneza injini za namna hiyo, lakini gari lao lilikuwa kubwa, la silinda sita. Hili boneti yake inamfikia yule bwana kiunoni tu.

Nikaiskani picha upya kwa nukta 2,400 kwa inchi, nikaacha kuangalia pua, nikashuka chini ya gari. Hapo ndipo moyo ulianza kunidunda. Magurudumu ya nyuma hayakusimama wima: juu yameachana, chini yamekaribiana. Ekseli, ule mhimili unaounganisha magurudumu mawili, ikiwa ya chuma kimoja haifanyi hivyo. Hizi zilikuwa nusu ekseli mbili, kila moja ikicheza peke yake, na gari likiwa halina mtu ndani magurudumu hukaa hivyo. Gari dogo, injini ya kupozwa kwa hewa, nusu ekseli zinazocheza: nikafika Chekoslovakia, kwa mhandisi Hans Ledwinka na gari lake, Tatra.

Usukani ulikuwa kulia. Kabla ya kuuamini nilitazama makoti, maana negativu, ile filamu inayosafishiwa picha, ikigeuzwa, kulia huwa kushoto. Mifuko ya kifuani ilikuwa kushoto kwa wote wawili, vifungo kulia. Picha ilikuwa sawa, na Chekoslovakia ya wakati ule waliendesha kushoto. Peke yake usukani hauthibitishi nchi, kwani hata Ufaransa magari mengi yalikuwa na usukani kulia, lakini hapa ulikubaliana na mengine yote.

Ikabaki kuchagua kati ya ndugu wawili. Tatra 11 ilianza kutengenezwa mwaka 1923, ikiwa na breki za nyuma tu. Tatra 12, iliyoifuata mwaka 1926, ilikuwa na breki kwenye magurudumu yote manne. Nikalikuza gurudumu la mbele mpaka chembe za picha zikaonekana. Nyuma ya spoku hakuna dramu ya breki, ni kitovu chembamba tu.

Nikachukua penseli laini, nikaandika mgongoni mwa picha: Tatra 11.