Kisha Nikalala

Juzi mwanangu mkubwa karudi kutoka zamu yake ya kwanza ya usiku. Kakaa barazani avue viatu, akapitiwa na usingizi kiatu kimoja mkononi. Bibi yake alicheka mpaka akashika mbavu. "Mtoto wa nyoka ni nyoka," akasema, akaenda kumfunika kanga. Alipoamka adhuhuri, kabla hata hajanawa uso, akaniambia: "Mama, hebu tusimulie siku uliyorudishwa mjini."

Kisa hicho kwetu kimeshakuwa kama biskuti za Sikukuu, lazima kitoke. Nakijua vizuri pa kusita ili watu wacheke. Lakini hicho ninachosimulia nyumbani kina tundu, na tundu lenyewe liko njiani, Tunguu.

Ilikuwa mwanzoni mwa 2010, katika ile miezi mitatu ya kiza. Umeme unaotoka Bara kwa waya wa chini ya bahari ulikatika Disemba 2009, haukurudi mpaka Machi. Aliyekuwapo Unguja hahitaji kuelezwa: maji ya kubeba kwa madumu, mishumaa kupanda bei, simu kuchajiwa kwa kulipia kwenye maduka yenye jenereta. Wadini kwetu, katika hospitali ya mjini nilikokuwa muuguzi, jenereta ilikuwapo, lakini nayo ilipumzishwa usiku ili mafuta yafike asubuhi. Nilikuwa nikihesabu matone ya dripu kwa tochi ya simu, simu yenyewe nimeibana kwa meno, mate yananitoka kama mtoto.

Mimi na mwenzangu mmoja, wadi nzima. Saa moja na nusu jioni mpaka saa moja na nusu asubuhi, nikitoa njia. Na njia ya kurudi kwetu Makunduchi mnaijua, kilomita zaidi ya 60, na gari za wakati ule zilikuwa za mbao, mabenchi marefu mawili mmekaa kutazamana magoti kwa magoti. Ukiwa na bahati unapata pembeni nyuma ya dereva, unaegemeza kichwa kwenye mbao. Siku ile nilikuwa na bahati.

Tulipoiacha Mwanakwerekwe nilikuwa nusu macho, nusu usingizini. Karibu na Tunguu nikazinduka kama mtu aliyemwagiwa maji. Yule mzee wa kitanda cha dirishani! Sindano yake ya jentamaisini ya saa 12 asubuhi nilimchoma, tena nakumbuka alivyoguna, lakini sikuandika. Nilipomaliza tu kumchoma niliitwa kitanda cha pili yake, kisha likaja hili na lile, na kukabidhiana zamu kukawa mbio mbio. Kisanduku cha saa 12 kwenye karatasi yake ya dawa kilikuwa kitupu. Wa zamu ya asubuhi akikiona kitupu atafanya nini? Atafanya ambalo ningefanya mimi, atadhani mzee hajachomwa, amchome. Na dawa ile si ya kuchezea. Ikizidi inaumiza figo na masikio, seuze kwa mtu wa umri wake.

Simu yangu ilikuwa imezima tangu alfajiri. Utingo alikuwa na simu. Akagonga bodi ya gari: "Tunguu yupo?"

Sikusema kitu.

Nimekaa miaka mingi nikijaribu kukumbuka nilifikiri nini pale. Najiambia nilifikiri kwamba zamu ya asubuhi yupo dada mwenye akili, atamuuliza mgonjwa kwanza. Najiambia nilifikiri nauli, kwani mfukoni nilikuwa na ya safari moja tu. Huenda yote ni kweli. Ila ninalolikumbuka kwa yakini ni ile mbao nyuma ya kichwa changu, ilivyokuwa imepata joto la jua, na kope zangu zilivyokuwa nzito kama zimewekewa mawe. Bi kizee mmoja akashuka na kapu lake. Gari ikaondoka. Nikafumba macho.

Kuanzia hapo ndipo kisa cha Sikukuu kinapoanza.

Tuta likanirusha, nikafumbua macho. Kima punju wawili wanavuka barabara, mmoja kabeba mtoto kifuani. Jozani. Nikasema moyoni bado kuna safari, nikataka kulala tena. Lakini kichwa changu hakikuwa kwenye mbao, kilikuwa juu ya bega la mtu. Bi mkubwa simjui, mnene, kajifunga kanga mbili, miguuni kwake kuna pakacha la pweza. Na pweza wale walikuwa wabichi, maji yao yanachuruzika taratibu, tone moja moja, juu ya kiatu changu cheupe cha kazini. Nikawa nayatazama yale matone. Usingizi haujanitoka vizuri, nikaanza kuyahesabu: moja, mbili, tatu, nne. Nikatafuta saa nijue yanakwenda mangapi kwa dakika! Yule bi mkubwa ananitazama tu. Ndipo nikajiuliza, pweza anatoka Makunduchi kwenda sokoni Darajani. Mbona huyu anamrudisha Makunduchi?

"Bi mkubwa, shikamoo. Tunakwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Tunakwenda mjini, hapa Jozani. Wewe lala tu, bado mbali."

Watoto wangu hapo ndipo wanapojigaragaza. Kumbe gari ilifika mwisho wa njia, watu wakashuka, dereva na utingo wakaenda kunywa chai, wakarudi wakapakia, na mimi pembeni nakoroma. Nilipomuuliza utingo kwa nini hakuniamsha, akanijibu kwa upole kabisa: "Nesi, tulikuonea huruma."

Ambalo watoto hawalijui ni kwamba sikukasirika. Nilishukuru, wallahi. Nilihisi nimekamatwa mkono na kurudishwa.

Saa sita kasoro nikaingia wadini nanuka pweza. Nikaenda moja kwa moja kitanda cha dirishani. Mzee kakaa, anakula uji. Dada wa zamu akaniambia ndiyo, alimwendea na sindano tayari mkononi, mzee akakataa katakata: "Nimeshachomwa na yule wa Makunduchi, na tako mpaka sasa linauma. Ukitaka nikuoneshe." Akaiacha, akasubiri kuuliza. Nikachukua karatasi, nikaandika, nikatia sahihi. Mkono ulikuwa ukitetemeka kidogo, nadhani ni njaa.

Mkubwa wetu wa wadi akatokea, akauliza kulikoni. Alipoelezwa, akawaita wanafunzi waliokuwa mafunzoni, akaninyooshea kidole. "Mnamwona huyu? Katoka zamu ya usiku, kafika mpaka kwao shamba, kakumbuka mgonjwa wake, kapanda gari karudi. Huyo ndiye muuguzi." Wanafunzi wakanitazama kwa macho ya heshima. Ningeweza kusema. Nikainama, nikashughulika kufuta kiatu.

Nauli ya kurudia aliniazima yeye. Sikumbuki kama nilimlipa.

Juzi basi nikawasimulia tena, bibi yao anacheka kabla ya wakati kama kawaida yake. Nilipofika karibu na Tunguu nikasita. Nilikuwa nimeshafungua mdomo. Mwanangu yuko mbele yangu na sare yake haijafuliwa, kalamu bado inaning'inia mfukoni. Akadhani nimepotewa na maneno, akanisaidia.

"Kisha ukalala."

"Ehe," nikasema. "Kisha nikalala."