Mpaka Ulitangulia, Mataifa Yakafuata: Denmark, Norwei na Uswidi

Ukikaa Malmö, kusini mwa Uswidi, hata mwezi mmoja, utasikia Waswidi wakilalamika kwamba Mdenmark akiongea haeleweki. Copenhagen yenyewe iko hapo ng'ambo, kama dakika 40 kwa treni juu ya daraja la Øresund. Wageni wengi tunadhani basi hawa walikuwa mataifa matatu tangu zamani, kila moja na lugha yake, na mpaka ukapita pale walipoachana. Ilikuwa kinyume. Mstari ulichorwa kwanza, mara nyingi kwa vita, halafu watu wakafinyangwa wafanane na upande walioangukia.

Kuanzia 1397 nchi zote tatu zilikuwa chini ya taji moja, ule Muungano wa Kalmar ulioasisiwa na Malkia Margrete. Uswidi ikajitoa moja kwa moja mwaka 1523 chini ya Gustav Vasa, Norwei ikabaki na Denmark. Wakati huo Skåne, Halland na Blekinge, ambazo leo ni kusini kabisa mwa Uswidi, zilikuwa za Denmark. Jämtland na Härjedalen zilikuwa za Norwei.

Mabadiliko makubwa yalitokea ndani ya miaka 15 tu. Mkataba wa Brömsebro wa 1645 uliipa Uswidi Jämtland, Härjedalen na kisiwa cha Gotland, na Halland kwa miaka 30. Kisha ukaja mwanzo wa 1658. Baridi ilikuwa kali hata bahari kati ya visiwa vya Denmark ikaganda, na Mfalme Karl X Gustav wa Uswidi akavusha jeshi lake kwa miguu na farasi juu ya barafu. Sehemu moja barafu ilipasuka, askari wa farasi wakazama, lakini waliobaki walitosha kuitia hofu Copenhagen. Kwa Mkataba wa Roskilde Denmark ikapoteza Skåne, Blekinge, Halland, Bohuslän, Bornholm na eneo la Trondheim. Bornholm na Trondheim zilirudi mwaka 1660 baada ya wenyeji kuasi na vita kuendelea. Ndiyo sababu Bornholm, kisiwa kilicho karibu na pwani ya Uswidi kuliko ya Denmark, ni cha Denmark hadi leo.

Mkataba wa Roskilde uliwaahidi watu wa Skåne kubaki na sheria zao. Ahadi haikudumu. Chuo Kikuu cha Lund kilianzishwa 1666 ili vijana wasiende tena kusoma Copenhagen, na kufikia miaka ya 1680 ibada, katekisimu na sheria viligeuzwa kuwa vya Kiswidi. Neno kama *påg*, yaani mvulana, bado utalisikia Skåne, ila mtu wa Stockholm halitumii nyumbani kwake.

Mpaka wa Norwei na Uswidi ndio unaostahili kutazamwa kwa makini, kwa sababu haukuchorwa na rula mezani. Sisi tuliotoka kwenye nchi zilizogawanywa kwa mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa 1886, mstari ukapita katikati ya Wamasai, hapa tuna la kujiuliza: wenyeji waliulizwa? Huku waliulizwa. Katika miaka ya 1740 Meja Peter Schnitler alipita upande wa Norwei akiwahoji wakulima na Wasami, wenyeji wa asili wa kaskazini, chini ya kiapo: nani analisha wapi, nani anamlipa nani kodi, mlima huu unaitwaje. Kanuni ya msingi ilikuwa mgongo wa milima, pale maji yanapogawanyika, mengine yakaenda Atlantiki na mengine Ghuba ya Bothnia. Mkataba ukatiwa saini Strömstad, mji wa Uswidi karibu na mpaka, mwaka 1751, na bikoni zikajengwa: rundo kubwa la mawe, jiwe moja limesimama katikati, na mawe madogo yakielekeza mstari unakokwenda. Kwenye misitu njia hufyekwa ili bikoni zisipotee.

Mkataba huo una nyongeza kuhusu Wasami, wafugaji wa reindia (aina ya kulungu wa nchi za baridi), na kwa maoni yangu ndiyo sehemu yenye busara kuliko zote. Familia ichague nchi moja ya kulipia kodi, lakini iendelee kuvuka na mifugo majira ya kuchipua na ya kupukutika, hata falme mbili zikiwa vitani. Baadaye milango ilianza kufungwa: Urusi, iliyoitawala Ufini wakati huo, ilizuia mpaka wa Norwei na Ufini mwaka 1852, na wa Ufini na Uswidi 1889. Makubaliano ya malisho ya 1972 yaliisha 2005 bila mengine kushika nafasi yake. Mwaka 2021 Mahakama ya Juu ya Norwei ilikubali kwamba wafugaji wa Saarivuoma, upande wa Uswidi, wana haki ya malisho ndani ya Norwei kwa sababu ya matumizi ya tangu enzi.

Yaliyobaki ni mafupi. Mwaka 1809 Uswidi iliipoteza Ufini kwa Urusi, mpaka ukawekwa Mto Torne, na wasemaji wa Kifini waliobaki magharibi wakawa Waswidi. Lugha yao leo inaitwa Meänkieli. Mto huhama, kwa hiyo mpaka huo hupimwa upya kila miaka 25. Mwaka 1814 Denmark ikalazimika kuiachia Uswidi Norwei, na muungano huo wa Norwei na Uswidi ukavunjika kwa amani 1905.

Sasa kinachotuhusu. Tangu miaka ya 1950 raia wa nchi za Nordiki, yaani hizi tatu pamoja na Ufini na Iceland, wanavuka, wanahamia na kufanya kazi popote kati yao. Uhuru huo ni wa raia. Ukiwa na kibali cha kuishi cha Uswidi na pasi ya Kenya au Tanzania, Denmark na Norwei unatembelea siku 90 katika kila 180, na kazi huruhusiwi bila kibali cha nchi hiyo. Kosa la kawaida ni kukubali zamu Copenhagen kwa sababu treni ni moja. Beba pasi pamoja na kadi ya ukazi: kadi peke yake haitoshi. Na ukielekea Norwei, kumbuka haimo Umoja wa Ulaya. Nyama, pombe na sigara ulizonunua Strömstad zina viwango vyake, na ukizidisha, pita njia nyekundu ya forodha mwenyewe kabla hujasimamishwa.