Jinsi nilivyomaliza mlio wa "kong!" chini ya pikapu mpya

Nimepumua, kwa hiyo naandika mapema kabla sijasahau mpangilio wa kazi. Pikapu haijafika hata kilomita 9,000, lakini kila nikisimama ilikuwa inagonga "kong!" mara moja chini ya sakafu, na tena nikiondoka.

Nilikaza nati za magurudumu na bolti za springi. Nikatikisa kwa mkono kroso zote, vile viungo vya msalaba vya propela shafti (mhimili unaopeleka nguvu ya injini nyuma): hazichezi. Oili ya difu (boksi la gia katikati ya ekseli ya nyuma) nikamwaga, safi kabisa, hakuna chembe za chuma. Kelele palepale.

Kilichonifumbua macho ni wakati wa mlio. Haukuja nikikanyaga breki, bali kama sekunde moja baada ya gari kutulia kabisa. Hapo springi za nyuma zinarudi mahali pake, na propela shafti inalazimika kubadilika urefu kidogo kwenye meno yake ya kuteleza, pale vipande vyake viwili vinapoingiliana. Yakiwa makavu yananasa, kisha yanaachia kwa kishindo.

Nikaweka kabari magurudumuni, nikachora alama za rangi kwenye flenji (sahani ya kuungia shafti kwa bolti) na pale vipande viwili vinapoingiliana. Msiruke hatua hii: meno yakirudi vibaya, kroso zinapishana na gari linaanza kutetemeka. Nikafungua shafti. Meno makavu! Nikayafuta, nikapaka grisi yenye molibdeni, tabaka jembamba tu, maana ikijaa ndani shafti inashindwa kujifupisha. Nikarudisha alama kwa alama, bolti nikakaza kwa kipimo cha mtengenezaji.

Wiki ya tatu sasa, kimya.