Ufunguo wa stoo ya Balozi

Wiki hii imetimia miaka mitatu tangu Mzee atutoke. Sikuwa nimepanga kuandika kitu ila juzi dada kanitumia picha ya ule mlango wa stoo, kaupaka rangi ya bluu, nikaiangalia weee mpaka chai ikapoa.

Kwetu ni Ngamiani, Tanga, kule mitaa inaitwa kwa namba, unamwambia mtu nakaa barabara ya ngapi basi kashafika. Baba alikuwa wa reli, aliingia enzi za shirika la Afrika Mashariki, 1977 likavunjika akajikuta yuko TRC, shirika la reli la Tanzania, spana zile zile. Lakini mtaani hamna aliyemjua kwa hiyo kazi. Alikuwa balozi wa nyumba kumi, yaani kiongozi wa chama tawala kwa zile nyumba za jirani. Jioni tena anafundisha ngumbaru, watu wazima kusoma na kuandika, na inasemekana mama alikuwa mwanafunzi wake, ukimuuliza anakataa katakata eti alikuwa anampeleka shangazi yake tu.

Ubalozi wenyewe mnaukumbuka? Baada ya vita vya Kagera sukari hamna, sabuni hamna, watu wanapanga mawe kwenye foleni, unga wenyewe ule wa yanga, wa mahindi ya njano. Mgao ukija, hesabu ya vichwa iko kwa balozi kwenye daftari. Sisi tulikuwa saba na tuliandikwa saba. Kuna mama wa nyumba ya pili wako wanne akajiandikisha tisa, Mzee anajua kabisa na akaacha hivyo hivyo, anasema wale wajukuu wanaokuja kula pale mchana utawaandika wapi. Mama alinuna siku nyingi, balozi mzima anakunywa strungi kavu! 1983 msako wa walanguzi ulipopamba moto, mtu akaja usiku na gunia la sukari anaomba alifiche kwetu. Mzee akamkatalia, ila hakumripoti. Mpaka leo sisi watoto tunabishana kama alifanya sawa, mimi naona alikosea, tulikuwa tunaweza kufungwa wote.

Sasa stoo. Mtaa ulichanga ukanunua masufuria makubwa, majamvi na maturubai ya shughuli, vikahitaji pa kukaa, Mzee akatoa chumba chetu sisi wavulana bila kutuuliza, tukahamia kulala sebuleni. Ufunguo anao yeye tu. Ukichukua sufuria unaandikwa, ukirudisha na masizi unarudi nalo kwako. Mwaka mmoja turubai liko harusini, mchana ukatokea msiba barabara ya nyuma, Mzee akapanda baiskeli akaenda kulifungua mwenyewe huku bwana harusi anatazama. Baba wa bwana harusi hakumsemesha karibu mwaka mzima.

1992 vyama vingi vikaja, ubalozi ukabaki mambo ya CCM, lakini hata jirani wa CUF, wapinzani, akifiwa usiku anagonga dirisha letu, "Balozi, Balozi". Na Jumapili alikuwa wa kwetu. Anatupakia kwenye Phoenix, wawili nyuma mmoja mbele, mpaka Raskazone, anakaa na suruali yake kaikunja anatuhesabu kila dakika mbili kama vichwa vya mgao.

Alifariki alfajiri. Saa mbili uwanja umeshajaa, wanaume wanataka maturubai, kina mama wanataka masufuria, na stoo imefungwa. Tukatafuta kwenye koti, chini ya godoro, juu ya kabati, mama hata hajui tunamuuliza nini. Mwishowe yule yule baba wa bwana harusi akaomba nyundo akavunja kufuli, analia kama mtoto. Ndani kila kitu kimeoshwa, maturubai yamekunjwa, daftari liko juu ya sufuria kubwa, ukurasa wa mwisho kaandika majamvi mawili yako wapi.

Ufunguo uliletwa na waosha maiti baada ya kumaliza kazi yao. Alikuwa kaufunga kwenye pindo la msuli aliolala nao.

Sasa hivi stoo anayo kaka, kufuli jipya. Ule ufunguo wa zamani haufungui kitu, mama kaufunga kwenye pindo la kanga yake, na akibadilisha kanga anauhamisha.