Siku moja maishani mwangu: mgodi uko Kanada, mimi niko Mikocheni

Saa kumi na moja alfajiri. Sinza, Dar es Salaam, bado giza, ila joto la Januari halijapoa tangu jana. Naoga maji ya bomba, nakunywa chai, na kabla ya kufunga geti nimeshaangalia simu: kaskazini mwa Ontario, Kanada, ni nyuzi 31 chini ya sifuri. Namba hiyo ndiyo inayoamua siku yangu.

Saa mbili asubuhi niko ofisini Mikocheni. Huko ni saa sita usiku, na baridi imefika nyuzi 34. Mimi ni mhandisi wa hewa ya migodini, na mgodi tunaoufuatilia ni wa dhahabu. Feni zake kuu zinaingiza mita za ujazo 200 za hewa kila sekunde kupitia shafti, lile shimo la wima la kushukia mgodini. Huwezi kuzipunguza eti kwa sababu nje kunaganda. Chini kuna moshi wa dizeli, vumbi na gesi za baruti, na kanuni za Ontario zinataka mita za ujazo 0.06 kwa sekunde kwa kila kilowati ya injini ya dizeli. Kinachobaki ni kuipasha hewa joto. Juu ya shafti kuna jengo la vichomeo vya propani, hewa inapita kwenye miali ya moto yenyewe, na kwa sababu hiyo kaboni monoksidi, gesi ya sumu, tunaipima muda wote. Kuitoa hewa nyingi hivyo kwenye -34 hadi +3 kunataka karibu megawati 9.

Wengi hudhani tunawapashia wachimbaji ili wapate raha. Tunachopambana nacho ni maji. Kuta za shafti zinachuruzika, na hewa ikishuka chini ya sifuri yale matone yanakuwa barafu juu ya njia ya keji inayoshusha watu.

Saa nne na nusu picha ikaingia kutoka kwa msimamizi wa zamu ya usiku. Kona ya kaskazini ya shafti, chini kidogo ya mdomo, barafu imening'inia kama mkungu wa ndizi, nene kama paja la mtu mzima. Ncha yake iko karibu kabisa na reli ya keji. Kipande kama kile kikidondoka mita mia kadhaa hakimwachi mtu hai.

Nilishtuka, kwa sababu ukurasa wetu wa kompyuta wa kufuatilia joto la shafti ulikuwa unaonyesha wastani wa +3.75 na rangi ya kijani. Nikafungua vipimajoto kimoja kimoja, viko vinne: 7, 6, 4 na -2. Hewa ya moto ilipanda darini, ya baridi kwa uzito wake ikatambaa sakafuni, na zikaingia shaftini bila kuchanganyika. Kona moja ilikuwa inaganda huku wastani ukituambia mambo ni shwari. Ukurasa ule nilikuwa nao miezi miwili, na sikuwahi kuuliza kwa nini unaonyesha namba moja tu. Linaniuma hadi sasa.

Kabla ya hesabu yoyote niliandika sentensi moja: keji isibebe mtu. Barafu ikianza kulegea haichagui saa ya kudondoka. Walio chini wakapangiwa kutoka kwa njia ya pili. Ndipo tukaelewana: vichomeo vipandishwe nyuzi 4 zaidi mara barafu itakapoangushwa. Kila nyuzi moja ni kilowati 240 hivi, kwa hiyo nyuzi 4 ni karibu megawati nzima ya gesi.

Saa saba mchana nikashuka kwa mama lishe, wali maharage na mchicha. Anajua kazi yangu, na leo aliniona sina raha. "Mwanangu, si ulisema chini ya ardhi kuna joto? Sasa mnapasha nini tena?" Ni swali zuri, mama. Kule Sudbury, mji wa migodi huko Ontario, kilomita 2 chini, mwamba una nyuzi 42. Hewa yenyewe ikishuka inagandamizwa na kupata karibu nyuzi moja kila mita 100. Lakini barafu haisubiri huko chini, inaotea pale juu mlangoni.

Saa tisa alasiri ndiyo saa mbaya. Mikocheni jasho linatutiririka, kule kunapambazuka na baridi iko kileleni. Zamu ya asubuhi ilisubiri dakika 40 huku barafu ikigongwa na kuanguka vipande vipande kwenye shafti tupu. Nilisimama mpaka ujumbe ulipofika kwamba reli zimekaguliwa na ziko safi.

Jioni bosi akauliza gharama ya gesi, na ana haki ya kuuliza. Nikamwonyesha mchoro wa vibao vya chuma vya kukoroga hewa kabla haijafika shaftini, ili turudi kwenye +3 salama. Nikamkumbusha pia mgodi wa Creighton, Sudbury, ambako hewa inavutwa kwanza kwenye lundo kubwa la mawe yaliyovunjika: kiangazi mawe yanatunza joto, wakati wa baridi yanalirudisha. Ningependa sana kuona kazi kama hiyo kwetu. Vibao vimekubaliwa, mawe tutayazungumza.

Saa tatu usiku, nyumbani, nikafungua tena ule ukurasa. Wastani nimeuondoa, zimebaki namba nne kubwa. Ya mwisho, ile ya kona ya kaskazini, inasoma 1.6.